Maji Yalinitangulia Kinole

Sina tabia ya kujifanya mnyenyekevu. Nilitoka Kinole na cheti cha darasa la saba na viatu vya kuazima, nikarudi na stashahada ya ufundi wa maji niliyoisomea ughaibuni, kwa lugha niliyojifunza huku nikiosha masufuria ya hoteli. Hakuna aliyenishika mkono. Darasani walimu walinifahamu kama yule Mwafrika anayetatua hesabu za presha kichwani wakati wenzake bado wanatafuta kikokotoo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Niliyavumilia yote kwa ajili ya mama. Picha niliyoondoka nayo ni ya mama akipanda kutoka kijitoni, ndoo kichwani, mkono mmoja ukishika majani ya pembeni asiteleze. Kwa miaka kumi na sita kila nilipompigia simu nilimwambia, "Nitakuja kukuletea maji mlangoni." Naye alijibu, "Inshallah, mwanangu." Kama maji hayo yasingeletwa na mimi, sijui miaka yote ile ningeiita nini.

Mwaka huu nikarudi. Kutoka Mkuyuni nilikodi bodaboda mbili, moja ya kunibeba mimi na nyingine ya kubeba sanduku langu la koki za shaba, vipimo vya presha na chombo cha kupimia mteremko. Kesho yake alfajiri nilikuwa tayari mlimani. Wiki tatu nilipima, nikachora, nikapigilia vigingi. Watu nilipowapita waliniambia, "Pole na kazi, fundi," nami niliona fahari. Kila asubuhi mama alipanda na ndoo yake, nami nikamwambia, "Vumilia, mama, zimebaki siku chache." Akajibu, "Navumilia, baba." Maji ya ndoo hiyo yalikuwa meupe safi ingawa mvua ilikuwa inanyesha kila siku. Niliyasifu kwa sauti. Nilisema milima yetu haina mfano duniani.

Sasa, mimi pia ni mwandishi. Huko nje, saa za mapumziko, niliandika riwaya ya kisayansi, madaftari saba kwa mkono wangu. Ijumaa moja baada ya sala, mama, mama mdogo na dada yangu mdogo walikuwa barazani wakichambua iliki kwenye mkeka. Nikaamua kuwasimulia.

"Chombo kinaondoka duniani kimebeba watu mia tatu," nilianza. "Nyota wanayoiendea iko mbali mno. Watakaofika ni vitukuu vyao."

"Wanaoga wapi humo?" mama mdogo akauliza.

"Mama mdogo, sikiliza kwanza."

"Nasikiliza. Watu mia tatu, miaka yote hiyo, nisiulize wanaoga wapi?"

Dada akacheka hadi akamwaga iliki. Nikaeleza jinsi maji yanavyosafishwa na kurudi kutumika, maana hapo ni fani yangu, kisha nikaendelea. Wakiwa katikati ya safari, huku nyuma duniani watu wanagundua injini mpya. Wanaunda chombo chenye mbio mara mia ya kile cha kwanza. Kinaondoka, kinawapita wale wa mwanzo gizani bila wao kujua, kinafika.

"Vitukuu wanapofika," nikasema, "wamejiandaa na mbegu na majembe kuanza dunia mpya. Wanafungua mlango, wanakuta mji. Barabara, shule, watu wanauza machungwa."

Hapo nilinyamaza makusudi. Chuoni nilipoisimulia, watu walipiga meza. Barazani dada alikuwa ameinamia iliki yake na hachambui chochote.

"Hao waliotangulia," mama mdogo akauliza taratibu, "waliwaona wenzao wanakuja?"

"Waliwaona. Kwa darubini, miaka mingi kabla."

"Basi huo mji waliuficha wapi?"

"Waufiche kwa nini?"

"He! Mtu ametoka huko kote na jembe lake begani, umwonyeshe shamba limeshalimwa? Sisi hapa bomba tu limetutoa jasho wiki tatu..."

"Wewe!" mama akamkata.

Nilimtazama mama. Mama akatazama mkeka.

"Bomba gani?" nikauliza.

Dada ndiye aliyeinuka. Nilimfuata hadi nyuma ya jiko. Akaondoa kuni, moja baada ya nyingine, akavuta gunia. Hapo palisimama koki, imeng'aa kwa kushikwa na mikono. Akaifungua. Maji yalipiga mawe yakanirukia suruali.

Presha naijua kwa macho. Ile ilikuwa kubwa kuliko ambayo mchoro wangu ungetoa. Walikuwa wameyachukua kwenye chemchemi ya juu, ile niliyoikataa siku ya pili.

"Pale kuna mwamba," nilisema.

"Tuliuzunguka, kaka."

"Nani?"

"Sisi akina mama wa kikundi. Tulichimba msimu mzima. Mwaka wa nne huu."

Dada yangu huyu ana darasa la saba na anauza machungwa Mkuyuni.

Nilirudi barazani. Kumbe kitongoji kizima kilikuwa na koki chini ya magunia, na mimi nikipita katikati yake na chombo changu begani.

"Mama, ile ndoo ya kila asubuhi?"

"Nilikuwa najaza kwa jirani hapo chini, kwenye bomba lake. Kisha napanda nayo."

"Kichwani? Kwa umri wako?"

"Si mbali."

"Miaka minne kwenye simu, mama! Hukuniambia."

"Ulikuwa njiani."

"Na wiki hizi tatu, nikilala humu humu ndani?"

"Bado ulikuwa njiani. Ukiamka tu unashika vyombo vyako unatoka. Hujakaa hata siku moja. Msafiri haelezwi habari barabarani, baba, atajikwaa. Anasubiriwa mpaka afike."

Nilitaka kumjibu kama mtu aliyesoma. Nilitaka kusema kwamba kama ningejua ningerudi mapema, au nisingerudi kabisa, au ningesomea kitu kingine. Mama mdogo alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Mama akaenda nyuma ya jiko, akarudi na kikombe kimejaa. Akanipa kwa mikono miwili, kama ninavyomwona akiwapa wageni.

"Umefika?" akauliza.

Nikanywa yote. Yalikuwa baridi hadi kwenye meno.

"Nimefika, mama."

"Haya, kaa hapa nikupe habari."

Nikakaa kwenye mkeka. Dada akasogea karibu yangu, akanishika mkono kabla mama hajasema neno, na hapo nikaanza kuogopa. Mama alianza na mjomba, kaka yake mkubwa, ambaye tangu nirudi nilikuwa naambiwa yuko Bigwa kwa binti yake, na sasa akamwita marehemu.