Mafundo Kumi ya Shimo la Chokaa

Jumatatu tarehe 27 Mei 1946, saa moja asubuhi, Erastus Lewa alianza kubomoa ukuta wa mashariki wa shule ya Mishomoroni. Ramani ya ukuta huo aliichora mwenyewe, na ulikuwa haujatimiza miezi mitatu. Hakuna aliyemwamuru kuubomoa.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Rabai, akapelekwa Frere Town kujifunza useremala katika karakana ya misheni, na alipofika miaka ishirini akaajiriwa kisiwani, katika ofisi moja ya serikali, kunakili ramani za majengo. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na mitatu. Milango na madirisha ya watu wengine yalipita mikononi mwake, na hakuna hata dirisha moja aliloruhusiwa kulisogeza. Mwaka 1938 aliacha kazi, akavuka kwenda bara na kisanduku chake cha kalamu, akaanza kuwachorea nyumba watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe. Cheti cha usanifu wa majengo hakuwa nacho. Ramani yake ikihitaji sahihi, aliyeitia sahihi alikuwa mtu mwingine.

Nyumba zake zilitambulika hata kwa mgeni: baraza pana, kuta nene za mawe ya matumbawe, na matundu ya hewa chini kidogo ya paa ili joto lipate pa kutokea. Fundi aliyechonga jiwe kwa haraka alirudishiwa jiwe lake bila maneno. Erastus hakupita mbele ya ukuta bila kuugonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha kichwa, na mafundi walimwigiza akiwapa mgongo: “Hodi! Kuna mtu humo?”

Saruji ilipoadimika wakati wa vita, wajenzi wengi walilalamika. Yeye hakulalamika, kwa sababu tangu mwanzo alijenga kwa chokaa. Mawe ya chokaa yakishatoka kwenye tanuu, aliyazima kwa maji shimoni, akalifunika shimo kwa makuti na mchanga, na halikufunguliwa mpaka zipite siku arobaini. Chokaa isiyokomaa hubaki na punje ambazo hazijazimika, na punje hizo zikipata unyevu ndani ya ukuta hufura na kupasuka.

Mlinzi wa mashimo yake alikuwa Kanze, mjane wa makamo, Mgiriama wa Mishomoroni. Kanze hakusoma kalenda. Alihesabu kwa juma la kwao la siku nne, ambalo siku yake ya mwisho, Jumwa, ni ya kwenda gulioni na si ya kulima. Kila Jumwa alifunga fundo moja kwenye kamba iliyoning’inia kando ya shimo. Mafundo kumi ni siku arobaini. Hesabu hiyo ilikuwa imemtumikia Erastus miaka minane bila kosa.

Kilichokuwa bado hakijamfikia ni kanisa. Alikuwa amechora nyumba, maduka na madarasa, lakini alichotaka tangu alipokuwa akinakili kisiwani ni kujenga kanisa la mawe, lenye dari ya mbao zisizo na msumari hata mmoja. Mwanzoni mwa 1946 Wakristo wa Changamwe, wengi wao watu wa bandarini na wa reli, walitangaza kwamba wanataka kujenga. Mzee wao wa kanisa, Boga, alimwambia Erastus waziwazi: “Tutakuja kuitazama shule yako ya Mishomoroni masika yakiisha. Tukiridhika, kanisa ni lako.”

Shimo la shule lilifunikwa Jumatatu tarehe 4 Februari. Erastus akaenda Changamwe kupima kiwanja cha kanisa, na kazi ya Mishomoroni akamwachia msimamizi wake, Kefa, mwashi hodari aliyetoka Nyanza na mtu wa ibada asiyekosa Jumapili.

Alirudi tarehe 4 Machi. Wingu la mvua lilikuwa limeanza kujikusanya, na kamati ya shule ilikuwa ikimngoja kwenye kiwanja, ikitaka kujua kuta zitasimama lini. Kanze alikuwa amekwenda Kaloleni mazishini. Erastus alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akahesabu mafundo kumi, akaamuru shimo lifunguliwe. Daftari lenye tarehe lilikuwa mfukoni mwake. Hakulitoa.

Ukuta wa mashariki ulijengwa kwanza, na uliimaliza chokaa yote ya shimo lile. Kanze aliporudi, ulikuwa umekwisha kupigwa lipu.

“Nani kafungua shimo langu?” aliuliza.

“Mimi, mama. Mafundo yalitimia.”

“Yalitimia vipi? Mimi nimefunga sita.”

Kefa aliitwa. Alikuja na mwiko mkononi, na wala hakusitasita. “Manne ni yangu, fundi. Niliona mama anafunga siku yake ya kupumzika, lakini Jumapili hazina fundo. Nikaona si vizuri siku ya Bwana iachwe nje ya hesabu.”

Kanze alimtazama, akacheka mpaka akashika kiuno. “Chokaa haijabatizwa, baba! Ungeliiacha na upagani wake.”

Erastus hakucheka. Alitoa daftari, akahesabu. Siku ishirini na nane. Alimwambia Kefa kwamba kosa si lake, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kamba ile inahesabu nini, na kwamba mwenye daftari ndiye aliyepaswa kulifungua. Kisha akaugonga ukuta. Ulitoa sauti nzuri. Akaamua kungoja masika.

Masika yalijibu. Katikati ya Mei lipu ilianza kutoa vipele, vidogo kama vya surua, kila kimoja na punje nyeupe katikati. Hayo tu yangetengenezeka. Lakini Erastus alipoangusha timazi, uzi wenye kizito wa kupimia wima, alikuta ukuta umefura katikati kwa upana wa kidole. Ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya watu wa Changamwe kufika.

“Tukwangue, tupake chokaa mpya,” alisema Kefa. “Watakaa nusu saa, watakunywa chai, watakwenda zao. Nani atakuja na timazi?”

“Na baada yao?”

“Baada yao tutaubomoa polepole. Kanisa utakuwa umelipata.”

“Na watoto watakaa wapi kuungoja huo upolepole wako? Chini yake?”

Kanze, aliyekuwa akifagia, alisema bila kuinua kichwa, “Fundi, hilo kanisa umelitaka siku nyingi.”

“Najua, mama.”

Hakuna kilichokwanguliwa. Jumamosi tarehe 25 Boga alifika na wenzake wawili, wamevaa makoti. Erastus aliwaamkia, akawapeleka kwenye ukuta wa mashariki kabla ya chai, akawaonyesha vipele, akaangusha timazi mbele yao.

“Huu ni mbovu,” alisema. “Nilifungua chokaa kabla ya wakati wake. Jumatatu ninaubomoa.”

Boga aligusa kipele kimoja, kikamdondokea kiatuni. “Bwana Lewa, ungetwambia ni mvua, tungeliamini.”

“Si mvua.”

“Nimekusikia.” Boga alijipangusa kiatu. “Lakini na wewe nielewe. Nikirudi Changamwe nitaulizwa nimeona nini. Nitasema nimeona ukuta wa kubomolewa.”

“Ndivyo ulivyo.”

Walikunywa chai, wakashukuru, wakaondoka. Ukuta ulishushwa kwa siku nne, jiwe moja moja, na mawe yakasuguliwa ili yatumike tena. Siku ya mwisho ya Mei barua fupi ya Boga ilifika: kanisa limepewa mjenzi wa kisiwani, atakayejenga kwa matofali ya saruji na kulimaliza kabla ya Krismasi. Erastus aliisoma mara mbili, akaiweka pamoja na vipimo vya kiwanja cha Changamwe, na kisanduku akakifunga.

Shimo jipya la Mishomoroni lilifunikwa Jumatatu tarehe 3 Juni. Kamba ni ya Kanze peke yake, na tarehe imeandikwa kwa makaa juu ya ubao. Shimo litafunguliwa tarehe 13 Julai, na siku hiyo hiyo Kefa ataanza kuujenga ukuta upya.