Krosi Iliyopakwa Samli

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: kikombe cha nne kiligoma kwa sababu gani?

Vitatu vya kwanza viliingia kwa mapigo machache ya nyundo. Cha nne kilifika katikati kikasimama. Nikagonga, kikakataa. Mjomba akasema, "Piga, si yai hilo," nikapiga kwa nguvu zangu zote, kikaingia. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nililala chali, mikono bado inanuka samli, nikijiuliza ni kitu gani kilichokizuia kikombe kile, na kitu hicho kilikwenda wapi kilipoacha kukizuia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa foleni za sabuni na petroli ya kibali. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya hisabati, nikarudi nyumbani nje kidogo ya mji wa Shinyanga kungoja barua ya kupangiwa kazi. Tulikuwa watatu: bibi mzaa mama, mjomba na mimi. Mjomba alikuwa na gari kuukuu la bodi ya bati alilolipata kwenye mnada, na alilipenda kuliko alivyotaka watu wajue.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limekwisha kufunga. La kulia lilitofautisha mchana na usiku tu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Geita, ukishapita Bugarama, kwa siku mbili, kisha warudi walikotoka. Jina la bibi lilikuwa kwenye orodha yao. Mwaka uliotangulia lilikuwemo pia, lakini mabasi hayakuwa na mafuta, akabaki amekaa barazani na kifurushi chake tangu alfajiri hadi jua kuzama. Safari hii mjomba aliapa kumpeleka mwenyewe. Kisha dume la ng'ombe likambana kwenye mlango wa zizi, akavunjika mkono, na usukani ukawa wangu. Leseni nilikuwa nayo, niliipata jeshini wakati wa kujenga taifa. Uzoefu ndio haukuwepo.

Siku ya kwanza nilipoliendesha kwenda mjini, nilisikia chuma kikigonga chini ya sakafu kila nilipoondoka, halafu mtetemo uliopanda hadi kwenye meno.

"Krosi hiyo," mjomba alisema nilipomweleza, bila hata kuinama kutazama. "Imekwisha. Tutaibadilisha hapahapa. Mimi mdomo, wewe mikono."

Chini ya gari, kutoka kwenye giaboksi hadi ekseli ya nyuma, kuna bomba refu la chuma linalopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Mafundi huliita propela. Kwenye kila ncha yake kuna kiungo chenye umbo la msalaba, ndiyo krosi, kinachoiruhusu propela ijikunje huku inazunguka. Kila mkono wa msalaba huo huvaa kikombe kidogo, na ndani ya kikombe, kukizunguka ukuta wake, husimama vijiti vyembamba vya chuma ambavyo mjomba aliviita sindano.

Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya duara, lakini sikuwahi kujiuliza mzunguko unapitaje kwenye kona. Tulipoishusha propela niliilaza kwenye mkeka, nikaikunja na kuizungusha taratibu. Nikaona jambo la ajabu: upande mmoja ukizunguka kwa mwendo ule ule, wa pili hauendi sawa. Unaharakisha, unachelewa, unaharakisha tena, mara mbili kwa kila mzunguko. Basi gari haliruki kama chura kwa nini? Nilikaa na swali hilo hadi uji wangu ukapoa. Kumbe kiungo cha ncha ya pili kinafanya kinyume, kinarudisha kile ambacho cha kwanza kimeharibu, mradi ncha zote mbili zielekee upande mmoja. Nikacheka peke yangu pale chini.

"Mume wangu anacheka na gari," bibi alisema kutoka barazani, kwa ule utani wake wa bibi na mjukuu. "Nimeletewa mke mwenza wa bati."

Kwa kuwa propela ile ilikuwa na vipande viwili vinavyoingiliana, nilivitia alama ya chaki ili nivirudishe kama vilivyokuwa. Mjomba akaifuta kwa kidole gumba.

"Ng'ombe hutiwa alama ya chaki?"

"Hapana, mjomba."

"Mvua ikinyesha, utamwambia mwizi nini? Chukua tindo, kata."

Nikakata pengo dogo kwenye kila kipande, kama wanavyokata sikio la ndama.

Krosi mpya tuliipata mjini, moja tu, imekauka, haina hata dalili ya grisi. Na grisi hapakuwa nayo. Niliulizia madukani na kwa mafundi wa baiskeli, nikamwomba hata dereva wa lori la pamba, akaniuliza kama mimi ndiye wa kumpatia yeye. Niliporudi mikono mitupu, mjomba aliingia ndani akatoka na kibuyu cha samli.

"Mkokoteni wa baba yangu ulibeba pamba maisha yake yote," alisema, "na ekseli yake ilikuwa inapakwa hii. Uliwahi kuusikia ukilia?"

Nilijua kwamba mkokoteni huenda kwa mwendo wa ng'ombe. Nilikipokea kibuyu hata hivyo. Nilihitaji kitu cha kunata, kitakachozishikilia zile sindano zisimame ukutani mwa kikombe wakati ninakigonga kiingie, na samli ya asubuhi ilikuwa imeganda vizuri. Nikaipaka. Vikombe vitatu vikaingia. Cha nne, mnajua. Jioni ile propela ikarudi chini ya gari.

Kitandani usiku ule nilizipanga tena hatua zangu zote, na ndipo nikakumbuka jua. Nilianza kazi kwenye kivuli cha nyumba. Nilipofika kikombe cha nne, kivuli kilikuwa kimesogea na mkeka ulikuwa wa moto. Je, samli ilikuwa bado imeganda? Kama iliyeyuka, sindano zilisimama kwa kushikwa na nini?

Asubuhi nilimkuta bibi ameshavaa, amekaa kwenye kigoda kando ya gari, kifurushi mapajani.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka, mume wangu. Hukulala. Kitanda chako kimelia kuliko fisi."

Nikainama chini ya gari. Mstari wa sisimizi ulikuwa umepanda gurudumu la nyuma, ukafuata ekseli, ukaingia kwenye krosi. Mjomba akatoka, mkono umefungwa shingoni, akachungulia.

"Hata sisimizi wameikubali kazi yako. Washa twende."

"Mjomba, kama wamefuata samli, ina maana samli imetoka nje."

"Imetoka kidogo."

"Na kile kikombe kilichogoma?"

"Si kiliingia? Ninyi wasomi mkipewa wali mnahesabu punje, wenzenu wanashiba." Halafu akashusha sauti. "Safari ni leo, mpwa. Ukiifungua, utaifunga saa ngapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Nikiifungua na kukuta ni nzima, nitakuwa nimemchelewesha bibi bure. Nisipoifungua, ikakatikia porini baada ya Kahama, atakaa kando ya barabara na kifurushi chake, na madaktari wataondoka tena. Sikuwa na njia ya kuona ndani ya chuma.

"Mnabishania nini?" bibi aliuliza. "Hicho kitu hakina umbo? Nileteeni nikishike."

Kuishusha propela yenyewe ni bolti nane. Niliishusha, nikaifuta, nikatandika gunia mapajani mwake nikamlazia ncha ile. Bibi alishika kiungo kwa vidole vya mikono yote miwili, akakikunja polepole, kichwa ameinamisha upande, kama nilivyomwona mara nyingi akipapasa kiwele cha ng'ombe asiyetaka kutoa maziwa.

"Huku kunakwenda," alisema. Akakigeuza. "Huku kuna kitu kinasaga. Kama mchanga kwenye ugali."

"Una hakika, mama?" mjomba aliuliza.

"Nimekosa macho, sijakosa vidole."

Nilitoa kibanio, nikakitoa kikombe cha nne. Sindano moja ilikuwa imelala chini ya kikombe, imevunjika vipande vitatu, na kichwa cha mkono wa krosi kilikuwa kimechimbwa. Niliviweka vile vipande kiganjani. Nakiri kwamba jambo la kwanza nililohisi lilikuwa raha, raha ya kupata jibu. Aibu ilifuata baadaye.

Mjomba alivigeuzageuza kwa kidole. "Ni mimi niliyesema piga," alisema.

Krosi ya zamani tulikwisha kuikata kwa tindo tulipokuwa tunaitoa. Nyingine haikuwepo mjini. Mjomba alizunguka gari mara moja, kisha akagonga boneti kwa mkono wake mzima.

"Kuna propela nyingine huku mbele. Ile ya matope. Krosi zake ni saizi hii hii. Toa moja, tia nyuma, tutafika kabla ya giza."

Ni kweli, gari lile lilikuwa na propela fupi ya mbele, iliyofanya kazi pale tu mtu aliposukuma kijiti fulani ili magurudumu ya mbele yasaidie ya nyuma kwenye utelezi. Nilijilaza chini tena nikaishika, nikaitikisa. Haikucheza hata kidogo. Imetumika mara chache, na ndani yake kulikuwa bado na grisi ya zamani, nyeusi, nzito. Nilianza hata kuipimia spana. Kisha nikasita. Nitakitoa kitu kizima, nikifunge mahali pengine kwa mikono ile ile iliyoharibu jana, kwa samli ile ile, na jua ndilo hilo linapanda.

Nikabaki nimelala pale nikitazama giaboksi. Inatoa njia mbili, moja kwenda nyuma, moja kwenda mbele. Kama ya nyuma haina kitu cha kupokea, na kijiti kimesukumwa, nguvu itakwenda wapi?

Nikatoka chini ya gari nikamweleza mjomba kwamba tuiache propela ya nyuma nyumbani.

Alinitazama kana kwamba nimetaka tuache injini. "Tangu lini ng'ombe akatembea kwa miguu ya mbele peke yake?"

"Hatembei, mjomba. Lakini mkokoteni huvutwa kutoka mbele."

"Mkokoteni una ng'ombe!"

"Mwache ajaribu," bibi alisema. "Likikataa, si tutakuwa hapahapa?"

Nikawasha. Nikasukuma kijiti. Gari likasita, likasogea, likazunguka uwanja wetu mara mbili kando ya ua wa minyaa, usukani mzito kama jiwe la kusagia lakini sakafu imetulia, hakuna kinachogonga. Nikazima. Mara hofu zikaanza kujipanga: mchanga, vilima, mzigo wote kuangukia mbele, na ya kwamba sikuwahi kumsikia mtu yeyote aliyefanya hivyo. Mjomba alikuwa amesimama kando ya gari, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona akiningoja mimi niseme.

"Twende," nilisema.

Niliifunga propela ya nyuma kwenye gunia nikaiingiza ndani ya nyumba. Nikapakia madebe ya petroli na maji. Nikamwinua bibi hadi kwenye kiti cha katikati. Mjomba akakaa mlangoni, mkono wake uliovunjika ukiwa upande wa dirisha.

"Magurudumu mangapi yanatuvuta?" bibi aliuliza.

"Mawili, bibi."

"Yanatosha. Mimi mwenyewe nimekuja na macho mangapi?"

Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu, tukaingia barabara ya Kahama.