Iodo Isiyo na Doa

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, kila mtu hapa kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa anajenga chumba cha kuwapangisha wageni. Na sisi tukajenga: kuta za saruji, rangi ya mafuta, dirisha la kioo, mlango wa chuma. Mpangaji wa kwanza nikawa mimi mwenye nyumba, nimefungiwa humo wiki mbili.

Nilikuwa nimetoka kunywa dawa ya rovu, uvimbe wa shingoni, katika hospitali ya ng'ambo ya Ruvuma.

"Ni iodo yenye mionzi," fundi wa pale aliniambia. "Utaitoa kwa jasho, kwa mate, hata kwa pumzi. Ikitoka haipotei, inatua. Kwenye kioo inashika kidogo tu. Kwenye rangi inang'ang'ania. Nguo ndiyo inainywa."

Akanikataza kumpakata mtoto, maana iodo ikimwingia hukimbilia kooni na kumdhuru. Binti yangu alikuwa na miezi kumi. Ziwa nilishamwachisha.

Basi nikakaa. Joto la chumba kile, Mungu ndiye ajuaye. Mtoto alilia uani mchana kutwa, nami nilimkasirikia mume wangu kwa kupaka rangi kuta zile, nikakikasirikia hata kikombe changu. Mama mkwe alikuwa akikisugua kwa majivu mara tatu, kisha anakificha mbali na vyombo vingine.

Siku ya tano kilio kikakatika. Nilifurahi, halafu nikaingiwa na hofu, nikaenda dirishani. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, mtoto kalala fofofo mapajani mwake, kafunikwa gubigubi kanga yangu nyeupe. Nilikuwa nimeilalia siku zote zile, na asubuhi hiyo nimeitoa nje ikafuliwe peke yake.

"Mama, hiyo kanga!"

"Alikuwa anatafuta harufu yako, mwanangu. Nimeikagua pande zote. Haina hata doa."

Kwetu iodo ni ile dawa ya kahawia ya postu ya afya, zahanati yetu, ya kupaka vidonda, inayoharibu mashuka. Maskini, bibi wa watu alikuwa ametafuta doa. Nami niliyeelezwa yote yale sikumwambia kwamba hii haionekani.

"Mvue, mama. Mvue sasa hivi, umwoshe."

Akamvua. Mtoto akaamka, akaniona kupitia kioo cha dirisha, akaninyooshea mikono. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.