Mteja wa Kwanza Harudishwi

Kiingereza changu cha kwanza hakikuwa cha salamu. Nilijua kutaja bei kabla sijajua kumuuliza mtu hali yake, na nilijifunza kwa hasira, nikiwa na miaka kumi na sita, kwenye soko letu la Mangobo, wakati Kisangani ilikuwa imejaa majeshi ya watu wengine. Nimewasikia walimu wakisema kwamba lugha hujifunzwa kwa mapenzi. Labda hawajawahi kuuza samaki mbele ya bunduki.

Mama yangu aliuza samaki wa kukaushwa kwa moshi. Walitoka Ubundu, na kwa kuwa treni ilikuwa imesimama, waliletwa na vijana waliosukuma baiskeli siku kadhaa porini, mzigo ukiwazidi kimo. Papa, baba yangu, alikuwa ameteremka mto kutafuta bidhaa Kinshasa, vita vikaufunga mto nyuma yake. Tukabaki wawili na meza moja. Mama alikuwa ameshaniambia mara mbili kwamba mtaji ukiisha tutaiacha meza, twende Yahuma kwa kaka yake, tukalime mihogo. Mimi sikutaka Yahuma. Silidharau jembe, limewalisha babu zangu wote. Ila sikutaka kushikishwa jembe na mtu ambaye hata mtaa wetu hakujua unaitwaje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa na miaka kwetu, na jembe tulilopaswa kuwapa walikuwa wanatukabidhi sisi.

Aliyekuwa akituhamisha hasa alikuwa mtu mmoja, afisa wa majeshi hayo ya kigeni, aliyelinunulia chakula jiko la maofisa wenzake. Alifika soko linapofunguliwa, askari mwenye gunia akimfuata. Mezani petu alisema Kiingereza peke yake. Alitaja namba, akaweka noti juu ya meza, nusu ya bei au pungufu ya hapo, na kabla mama hajafumbua kinywa askari alikuwa ameshaanza kujaza gunia. Sisi shuleni tulisoma kwa Kifaransa, na mama shule aliiacha mapema. Alibaki akimtazama yule mtu mdomoni kama mtu anayetazama redio iliyoharibika.

Na jambo lililonichoma ni hili: Kiswahili alikuwa nacho. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwakemea askari wake kwa Kiswahili safi, nikamsikia akinunua sigara kwa Kiswahili kwenye kibanda cha kona, tena akitania. Akifika kwetu anakiweka mfukoni. Alijua kwamba bei haina maana bila mazungumzo, na akachagua lugha ambayo ndani yake mama hakuwa na neno hata moja.

Kwa nini alikuja mapema vile? Hapo ndipo penye aibu yetu wenyewe. Sokoni kwetu mteja wa kwanza harudishwi. Pesa yake ndiyo inayofungua siku. Unaipitisha juu ya bidhaa yako ili iwaite wengine, na kwa sababu hiyo unamlegezea bei, maana ukimwacha aondoke mikono mitupu, wote watakaofuata wataipita meza yako vilevile mpaka jioni. Ni desturi nzuri. Imewasaidia wajane wengi wanaojua kudamka. Lakini sijui nani alimwambia yule afisa, au labda aliona mwenyewe, maana kila samaki wapya walipofika, mteja wa kwanza alikuwa yeye.

Mama yangu, ambaye niliwahi kumwona akibishana na mtoza ushuru mpaka mtoza ushuru akasahau alichokuja kutoza, alizichukua zile noti za dhuluma akazipitisha juu ya samaki waliobaki, taratibu, kama pesa ya halali. Mara ya tatu nilishindwa kunyamaza. Nikamuuliza anamwogopa nini. Hakukasirika.

"Si uoga," alisema. "Mutu wa kwanza haturudishake, mutoto yangu. Tukimurudisha, siku yote inakufa."

Nikamjibu kwamba siku haitakufa, tutakaokufa ni sisi. Akaniambia nichunge ulimi. Majirani nao wakaniambia mwenye nguvu mpishe. Nilikuwa nimechoka kupisha.

Pembeni mwa soko alikaa mzee mmoja mshonaji, wa zile familia za Waislamu wa zamani ambao mababu zao walikuja mjini na misafara ya biashara. Ujana wake aliutumia Nairobi, miaka mingi, katika duka la vitambaa la tajiri mmoja. Kiingereza alikijua, na hakuwa na mtu wa kukisema naye. Nilimwendea mchana jua likiwa kali na wateja wamekwisha, nikamwomba anifundishe maneno ya bei. Alitaka samaki wawili kwa juma. Nilimpa mmoja. Tulikubaliana mmoja na kichwa cha mwingine, na somo likaanza.

Niliandika nyuma ya daftari langu la jiografia, kama nilivyosikia. Hau machi, ni bei gani. Chipu, rahisi, na hapo akanionya nisiite bidhaa yangu chipu hata siku moja, maana anayesikia hivyo husikia pia kwamba ni mbovu. Bageni, kitu kizuri kwa bei ndogo, neno la kumnong'oneza mteja kana kwamba mwenye duka hasikii. Speshali praisi fo yu, bei yako wewe tu. Gudi moning sa. Thanki yu sa, kam ageni. Kila neno alilisema akiinamisha kichwa kidogo bila kujijua, na mkono wake ukipapasa kitambaa kisichokuwepo.

Juma zima nilikariri. Siku moja, nikiwa namenya ndizi za kuponda lituma, nikajisikia nikisema speshali praisi fo yu, na hasira ikanipanda mpaka kisu kikanikata kidole. Hilo ndilo nililokuwa nalilipia kwa samaki? Bei yake yeye tu, si ndiyo hiyo afisa aliyokuwa akijipa kila alipokuja?

Kesho yake nikamwambia mshonaji kwamba maneno yake yote ni ya kumkaribisha mtu. Nataka ya kumkatalia. Akanijibu kwa upole kwamba biashara haigombi. Nikamwambia huyu si biashara, huyu ni mwizi anayeweka noti. Akanyanyua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani, sindano ikasimama katikati ya mshono. Nikadhani nimemkosea adabu.

"Mimi sikuruhusiwa kukatala," alisema. "Miaka kumi na moja. Kukatala ilikuwa kazi ya patron. Mimi nilikuwa wa yesi sa."

Mtu mzima kukuambia hivyo, nawe ni mtoto, si jambo dogo. Niliona haya, nikainama kutazama daftari. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kukumbuka. Akasema tajiri wake alikuwa na maneno matatu, na kila alipoyatoa aliyatoa akiwa nyuma ya bega la mshonaji, na mshonaji ndiye aliyeyapokea macho ya mteja. Fiksdi praisi, bei haishuki. Put it baki, rudisha ulipoitoa. Na la tatu, ambalo tajiri alilisema huku akiwa ameshageuka kwenda zake: teki it o livu it, chukua au acha. Alikuwa ameyasikia mara elfu na hajawahi kuyasema. Alinifundisha bila kuinamisha kichwa. Tulifanya mazoezi, yeye akiwa afisa na mimi mama, kiatu kikuukuu kikiwa samaki, na nilipomwambia put it baki alikirudisha kiatu haraka hata tukacheka.

Basi nikawa na silaha, na mama akanikataza kuitumia. Alinisikiliza nikiyasema yote matatu, akasifu, akauliza maana ya kila moja, kisha akasema ni mazuri sana, nitayatumia kwa mteja wa pili. Wa kwanza harudishwi, hata kwa Kiingereza. Niliingia ndani nikalia kwa uchungu. Sijawahi kumchukia mama yangu isipokuwa siku ile, na ilikuwa kwa saa nzima.

Baiskeli za samaki zikafika tena. Mama alinunua kwa pesa yote iliyobaki, akanionyesha khanga aliyofungia pesa, tupu. Alisema afisa akifanya yake mara hii, basi, tutaiuza meza kwa mtu mmoja wa mkaa aliyekuwa akiitaka. Alisema bila kulia, akikunja ile khanga vizuri.

Asubuhi tuliwahi sokoni kuliko kawaida. Tulikuta jirani yetu ameshafika, mama mmoja Mkatoliki kutoka Kivu ya Kaskazini aliyeuza maharagwe na vitunguu, mwenye rozari shingoni na kipimo kigumu kuliko cha wote sokoni. Mama hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya yule jirani akamwambia anataka kitunguu, na kwamba yeye pia aje anunue samaki. Jirani akauliza, samaki wa nini asubuhi hii, nina samaki nyumbani. Mama akamjibu kwamba hakumuuliza kama ana samaki nyumbani.

Jirani alielewa kabla yangu. Akaja mbele ya meza yetu, akashika samaki, akamnusa, akasema ni mdogo. Nilidhani watapeana tu pesa yaishe, lakini mama hakutaka mchezo. Ununuzi wa uongo haufungui siku. Kwa hiyo walibishana kweli, kwa robo saa, wakitukanana kwa upendo, jirani akaondoka mara mbili akaitwa mara mbili, bei ikashuka pale inaposhuka kila siku. Jirani akalipa. Mama akaipitisha pesa juu ya samaki wote, kuanzia kichwa cha kwanza mpaka mkia wa mwisho. Jirani akanyoosha mkono apewe matabisi, ile nyongeza ambayo bila hiyo hakuna ununuzi uliokwisha kwetu, na mama akamwambia angoje kidogo.

Kisha mama akakaa, akanitazama, akasema, "Bon. Siku imefunguka."

Afisa alifika na askari wake na gunia lake. Akataja namba. Akaweka noti. Askari akashika samaki wa kwanza. Sitasema sikuogopa. Maneno ya mshonaji yalinitoka yote kwa pamoja, ya kuinama na ya kusimama. "Gudi moning sa," nilisema. "Put it baki. Fiksdi praisi. Teki it o livu it. Thanki yu sa, kam ageni."

Watu wakageuka kututazama. Askari akabaki na samaki mkononi, akimtazama mkubwa wake. Afisa akanitazama mimi, halafu akamtazama mama kama anayemdai desturi yake. Mama akamwonyesha kwa kidevu yule jirani aliyesimama pembeni na samaki wake ndani ya jani. Afisa aliona kwamba hakuwa wa kwanza. Mji mzima ulikuwa ukimtazama akiwa amesimama na bei isiyokuwa na mtu wa kuipokea, na kumpiga risasi muuza samaki kwa sababu amekutakia asubuhi njema ni jambo gumu hata kwa mtu wa vita. Akaokota noti zake.

"Mama," alisema kwa Kiswahili. "Bei gani?"

Mama yangu alijiweka vizuri kwenye kiti. "Ah, papa, kumbe unajua kusema," alimwambia. "Alors tuongee."

Wakaongea. Mama alianza juu, juu kabisa, bei ambayo sijawahi kuisikia, na akashuka polepole kama mwenye siku nzima, maana alikuwa nayo. Alimuuliza kama huko kwao hawana samaki. Alimuuliza kama mama yake mzazi bado yu hai. Afisa alijibu yote. Alilipa bei wanayolipa watu. Gunia lilipofungwa hakuondoka. Alibaki na mkono wazi juu ya meza, maana desturi zetu alizijua zote, na alikuwa akingoja matabisi.

Mama alichukua samaki mdogo mnono, akampitisha mbele ya uso wa yule afisa, akamweka mkononi mwa jirani. "Matabisi iko ya ule mwenye alinifungulia asubuhi," alisema.

Sitaki kudanganya kwamba vita viliisha siku ile. Wiki zilizofuata wengine walichukuliwa mali zao bila Kiingereza wala Kiswahili. Lakini afisa yule hakufika tena akiwa wa kwanza, kwa sababu hakukuwa na nafasi ya kwanza iliyobaki. Kila alfajiri wanawake wa safu yetu walifunguliana siku, kitunguu kwa samaki, samaki kwa chumvi, wakibishana kweli. Meza tulibaki nayo. Mtu wa mkaa alikuja kuuliza, mama akamwambia akalime Yahuma.

Mchana wa siku ile afisa aliyolipa, nilimpelekea mshonaji samaki wake, mmoja na kichwa. Aliuliza kama niliyasema yote. Nikasema yote. Hata lile la mwisho? Hata la mwisho. Akaweka chini suruali aliyokuwa akishona, akanyoosha mgongo, na kwa sauti ya kawaida, akiangalia mbele ambako hakukuwa na mteja yeyote, akasema mwenyewe, mara ya kwanza katika maisha yake: "Teki it o livu it." Kisha akaniambia samaki wangu ni mdogo, nimwongezee kichwa cha pili.