Ngatia Aliyepotea Ndani ya Televisheni

"Sitaki! Nimesema sitaki, na mkitaka mniite mwendawazimu. Mtoto wangu hataitwa jina la mtu aliyemezwa na televisheni!"

"Punguza sauti, Wachuka. Utamwamsha mume wangu."

"Huyu si mume wako bado, Maitu. Huyu hana jina."

Hapo nilishtuka. Nimezaa saba, nimeoza watano, sijawahi kujibiwa hivyo na mke wa mwanangu, anayeniita Maitu, yaani mama, tena akiwa na mtoto wa siku nane kifuani na uji wangu wa wimbi tumboni. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babake baba. Hilo halipigiwi kura. Wa pili ndiye wa babake mama, Mungu akimleta. Mume wangu ni Ngatia. Tulipopata kifungua mimba tukamwita Gicheru, jina la babake Ngatia. Sasa Gicheru amepata wake, huyo ni Ngatia, na mimi bibi yake nina ruhusa ya kumwita mume wangu na kumgombeza kwa makosa ya yule mzee. Ndivyo mtu anavyorudi duniani. Asiyerudishwa na mjukuu amekwisha, kama moshi wa kuni mbichi.

Gicheru alikuwa ameketi kwenye kigoda, koti mwilini, fomu ya kuandikisha mtoto gotini, kalamu mkononi. Ilikuwa Jumamosi, na ofisi kule Nyeri mjini hufungwa saa sita. Alikuwa akitazama mdomo wa mke wake, halafu mdomo wangu, kama mtu anayengoja gari asiyejua litatokea upande gani.

Na mwenye jina? Ngatia alikuwa ametupa mgongo, anatazama televisheni, kile kidude cha vitufe kwenye mapaja.

"Baba Gicheru," nikamwambia, "si useme kitu. Unaondolewa duniani mchana kweupe."

"Mtu haombi jina lake," akasema, na akabonyeza kitufe.

Huyo ndiye mume wangu. Maneno anayasema machache kama anayanunua dukani. Ni fundi wa redio pale Gatitu, na hajaingia darasani hata siku moja, sawa na mimi. Ufundi aliupata kwa kufungua redio ya mnyapara alipokuwa hayupo na kuirudisha kabla hajafika. Anasikiliza redio mbovu kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto, anaigonga mara moja, anasema, "Ni hapa." Na ni hapo. Wakati mmoja alitengeneza redio ya kanisa mpaka ikawa inashika habari za kesho yake. Msiniulize. Niliisikia mimi mwenyewe.

Ile mashine ya gemu ililetwa na Salim, muuza vitambaa wa Majengo, mwaka wa tisini na mbili. Watoto wake walikuwa wameichomeka vibaya, ikatoa moshi. Ngatia akaiponya, lakini Salim akahamia Nanyuki kwa ndugu zake, akatuma salamu, "Kaa nayo, mzee, nyumba imepata amani." Basi Ngatia akaiunganisha na televisheni yetu ndogo ya betri ya gari, akachomeka kaseti, na hapo ndipo nilipompoteza mume mchana na jioni.

Ni gemu ya mashujaa wanne. Wanatembea kijiji hadi kijiji, wanapigana na mazimwi, wanakula dawa, wanalala hoteli. Maandishi yake ni kama nyayo za kuku. Hata mwalimu alikuja akatoka ameinamisha kichwa. Herufi zetu ziko mahali pamoja tu, pale unapowapa mashujaa majina. Gicheru ndiye aliyemwonyesha babake herufi, na mzee akataja: Gicheru, Gicheru, Ngatia, Ngatia. Watu wanne, majina mawili. Sisi sote tukacheka, tukaelewa. Babake, mwanawe, yeye mwenyewe, na mjukuu ambaye wakati huo hakuwa hata habari. Ni nani mwingine ulimwenguni angewapa watu wanne majina mawili? Waliotengeneza ile mashine hawakuliwaza hilo, na hapo ndipo ikaanza kuchanganyikiwa.

Siku ya kwanza Ngatia mmoja alikula dawa, tukaona wote wawili wamepona. Nikapiga ukemi. Siku ya pili zimwi likamwangusha Gicheru mkubwa, naye mdogo akaangalia pembeni kidogo, na yule aliyekufa akainuka akaendelea kumfuata nyuma kama hakuna lililotokea. "Ngai, Mungu wangu!" nikasema, "hii mashine inajua mila zetu."

Na hayo ni madogo. Kuna mama mmoja pale kisimani, katika kijiji cha tatu. Vijana wote wa Gatitu walikuwa wakimsemesha mara moja, wanapita. Ngatia alimsalimia kama mzee anavyosalimia: habari yake, habari ya watoto, ya mbuzi, ya mvua, ya mgonjwa, na kila salamu kitufe kimoja. Salamu ya ishirini na mbili, yule mama akasogea pembeni, na nyuma yake kukawa na ngazi inayoshuka chini ya kisima! Vijana wakapiga mayowe. Mmoja akakimbia mpaka barabarani bila viatu. Tangu siku hiyo watu walikuja kutoka Karatina kuangalia, wakajaa nyumba, wakajaa uwanja, wengine wakasimama ndani ya shamba langu la kahawa, na wa mwisho kabisa walikuwa wakielezwa na walio mbele yao jinsi gemu inavyoendelea. Ng'ombe wangu alikatisha maziwa siku tatu kwa ajili ya kelele.

Aligundua pia pembe ya hoteli ambapo ukuta haukuwa ukuta. Ukimpeleka mtu polepole, bega kwanza, anapita. Na betri ikiwa karibu kufa, zimwi kubwa la mtoni linalala lenyewe. Ngatia akawa hachaji betri makusudi.

"Ni hiyo betri ndiyo ilifanya," Wachuka akasema siku hiyo ya ugomvi, akimhamisha mtoto bega hili mpaka lile. "Mimi nilikuwa hapa. Mtoto alikuwa na siku tano. Si mlikuwa mnaona? Ngatia mmoja amekufa kwa matope, Baba akampeleka kwa ile nyumba ya kufufua watu, televisheni ikawa ndogo, ndogo, halafu ikarudi. Na Ngatia wa nne hayuko!"

"Yuko," nikasema. "Mahali pake papo."

"Niko na macho, Maitu. Ni kiboksi cheusi. Hakina sura, hakina jina. Na wakitembea wale watatu, nyuma yao kuna pengo linatembea. Pengo! Ati nimpe mtoto wangu jina la pengo?"

Siwezi kudanganya kwa hili, ingawa kwa mengine najaribu. Lile pengo nililiona, nikaogopa. Wanasimama watatu, halafu nafasi ya mtu mmoja. Wakigeuka, nayo inageuka. Usiku ule nilikwenda mara mbili kumshika mtoto pua nisikie kama anapumua, na mara ya pili nikamkuta Wachuka tayari ameishika.

Lakini mama mkwe hakubali hofu yake mbele ya mke wa mwana.

"Huko kwenu Kianyaga," nikamwambia, "mnaogopa hata picha."

"Huko kwetu tunaogopa yale yanastahili kuogopwa. Nyinyi wa Nyeri mnangoja mpaka ifike kitandani."

"Gicheru, unamsikia mke wako?"

"Ninawasikia wote," Gicheru akasema. "Na ofisi inafungwa saa sita."

"Basi andika jina!"

"Lipi?"

Ndipo Ngatia akasema, bila kugeuza kichwa, "Wachuka. Njoo hapa."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu aolewe. Humwita mama wa nyumba. Wachuka akasogea, amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Nami nikasogea.

"Angalia," Ngatia akasema.

Mashujaa walikuwa katika lile bonde la matope, na mazimwi sita mbele yao. Zimwi la kwanza likampiga Gicheru. La pili likampiga Gicheru. La tatu likampiga Ngatia. La nne likasimama mbele ya kile kiboksi cheusi, likainua rungu, likalishusha. Likageuka. La tano vilevile. La sita vilevile.

"Hawampigi," Wachuka akanong'ona.

"Nimejaribu siku tatu," mzee akasema. "Hawampigi. Hayuko kwenye orodha yao. Na ukifika kwenye lango ambalo askari wanazuia watu, wanazuia watatu. Yeye anapita."

Nilijua neno hilo, orodha, linatoka wapi. Miaka karibu arobaini hakuwa amelitamka ndani ya nyumba yangu.

"Na lingine ujue," akasema, "huyu wa nne si mjukuu."

"Si mjukuu?" Gicheru akasimama, fomu ikaanguka. "Si wewe mwenyewe ulinitajia, Baba?"

"Nilikutajia jina. Hukuniuliza la nani."

"Sasa ni nani?"

Ngatia akaweka kile kidude chini. Sijawahi kumwona akikiweka chini katikati ya vita.

"Ni wa Murang'a," akasema.

Na akanyamaza, kwa hiyo ilibidi niseme mimi, kwa sababu yeye angemaliza mwaka. Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akiwasaka Mau Mau, walimchukua, mimi nikiwa bibi harusi wa miezi minne, wakampeleka kambini huko Mwea, kuchimba mifereji. Katika kibanda chao kulikuwa na Ngatia mwingine, kijana wa Murang'a, mwembamba, mwenye kuimba vibaya. Mlo mmoja, blanketi moja. Homa ya tumbo ikamchukua yule wa Murang'a. Karani akafungua kitabu, akaona Ngatia, akakata. Akaona Ngatia tena, akadhani ameandika mara mbili, akakata.

"Asubuhi wakaita majina," nikawaambia. "Lake halikuitwa. Hakupewa kazi, hakupewa chakula. Askari wanampita kama nguzo. Siku tatu anakula mabaki ya wenzake. Siku ya nne akatembea nyuma ya kikosi cha kuvunja mawe, wakahesabu langoni, hesabu ikatimia bila yeye. Akaendelea kutembea. Sagana, Karatina, usiku anatembea, mchana analala ndani ya vichaka. Mimi huku nilikuwa nimeshaambiwa amekufa! Nilikuwa nimenyoa nywele. Nikafungua mlango alfajiri, nikaona maiti ya mume wangu imesimama uwanjani inaomba uji. Nilipiga ukemi kuku wakahama wakaenda kwa jirani, na hawajarudi mpaka leo."

"Walirudi," Ngatia akasema.

"Wawili tu."

Gicheru alikuwa amekaa chini sakafuni. Mtu wa miaka thelathini na mbili, babake alikuwa amefutwa duniani na hakuwahi kuambiwa. "Kwa nini hukusema?" akauliza.

"Ningesema nini? Mwenzangu alikufa, mimi nikatokea kwenye shimo lake. Hakuwa ameoa. Hakuna mtoto wa mtoto wa kumpa jina." Akainua kidole akakigusa kile kiboksi cheusi pale kwenye kioo. "Nikamweka hapa atembee kidogo. Tukawa tunakula dawa pamoja. Halafu Jumatano mashine ikamfuta, na mimi ndiye nilibaki. Tena."

Televisheni ilikuwa inalia ule mlio wake wa mazimwi yanayongoja. Mtoto akapiga chafya. Ngatia hakumtazama mtoto, na hapo nikaelewa kwamba kwa siku nane zote hakuwa amethubutu kumtazama vizuri. Alikuwa akingoja kuambiwa kama ni yeye au si yeye.

Wachuka alisimama pale. Nikaona anamtazama mzee, si televisheni. Nilikuwa na matusi matatu ya Nyeri niliyokuwa nimemwekea, yakaniisha mdomoni.

"Baba," akasema polepole, "yule wa Murang'a alikuwa akiimba nini?"

"Kila kitu. Vibaya."

Wachuka akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Akapiga magoti, akamweka mtoto kwenye mapaja ya mzee, pale pale palipokuwa na vitufe.

"Mshike. Shingo, Baba, shika shingo." Kisha, bila kugeuka, "Gicheru, andika. Ngatia."

Gicheru akaokota fomu, akaiweka juu ya kigoda, akaandika kwa herufi kubwa, ulimi nje kama mtoto wa shule. Nikamwambia aandike kwa nguvu, wino uingie, karani yeyote asiweze kuikata. Mzee akainamisha uso, akanusa kichwa cha mtoto. Nikasema, "Haya, wanaume wangu wawili, mmoja hana meno na mwingine yanamtoka," na Wachuka akaanza kusema, "Maitu, lakini kuna kitu sijawaambia, wiki hii nilikuwa naogopa, kwa hiyo nilituma habari Kianyaga kwamba jina—"

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Moffat, babake Wachuka, ametoka Kianyaga na gari la asubuhi: suti yake ya harusi za watu, jogoo chini ya kwapa, mkungu wa ndizi begani, na mkononi kofia ndogo ya sufi ya mtoto iliyofumwa majuzi. Uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Wenyewe wa hapa!" akasema. "Nasikia nimezaliwa. Niko wapi nijione?"