Tutaangalia Jumapili

Mimi nina mdomo. Naanza na hilo, asije mtu akasema nilijificha. Mama alikuwa akisema kwamba hasira yangu ilizaliwa kwanza, mimi nikaifuata. Ninashona sare za shule sokoni, na soko zima linajua kwamba ukiniahidi vifungo Jumatatu ukaleta Alhamisi, utaondoka hapo umeloa maneno. Watu huniambia hasira hasara. Nilikuwa nawajibu kwamba hasara ni kuchekewa. Siku hizi nanyamaza.

Nataka kusimulia habari za kaka yangu na mchezo mmoja wa televisheni. Mtu mzima kulia juu ya mchezo wa televisheni, najua, ni kichekesho. Cheka basi, ukimaliza uniambie niendelee.

Tulikulia Nyalenda, nyumba ya mabati, vyumba viwili. Baba alikuwa fundi wa malori, na ndiyo sababu sisi tulikuwa na televisheni wakati wenzetu hawana hata redio nzima: betri za malori hazikumpiga chenga. Ilikuwa televisheni ndogo, picha nyeusi na nyeupe, na mama aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Jumamosi saa kumi na moja jioni kitambaa kiliondolewa, na watoto wa ploti tatu walijipanga sakafuni, miguu imeoshwa, kwa maana mama hakutaka matope ya mtu kwake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa watu waliopotea angani. Walikuwa na chombo kibovu, kikubwa kama kiwanda, wakitafuta njia ya kurudi nyumbani, na kila wiki walitua mahali pasipo pao. Nahodha wao alikuwa mama mwenye mvi, mikono ya shati ameikunja, na aligombana na chombo kile kama mama yetu alivyogombana na jiko lenye mkaa mbichi. Kiingereza chao kilikuwa cha puani, nusu hatukukielewa. Lakini chombo kikizima na yule mama akachukua nyundo, nani alihitaji kutafsiriwa? Nyalenda nzima ilikuwa inatengenezwa kwa nyundo. Ulianza kuonyeshwa nikiwa darasa la pili, na ulikuwa bado unaendelea nilipokaribia kumaliza la nane.

Nilipokuwa na miaka tisa, Jumamosi moja nilitumwa maji. Foleni ya bombani ilikuwa ndefu, akina mama wakapitisha mitungi yao mbele yangu kwa sababu mimi ni mtoto, na niliporudi kitambaa kilikuwa kimesharudishwa. Niliutupa mtungi mlangoni, maji yote yakamwagika, nikalia mpaka nikatapika. Mama alinichapa kwa ajili ya maji. Kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, alikuja kukaa nami nyuma ya nyumba. Akaniambia, "Nyamera, sikia. Kuanzia leo, kama hauko, haiangaliwi." Nyamera ni dada kwa Kijaluo. Nikamwambia aape. Akaapa.

Sasa mtoto akiapa hivyo, wewe unadhani ni maneno tu. Wiki tatu baadaye nilitumwa tena, foleni ikawa ile ile. Nimerudi nakimbia, maji yananimwagikia mgongoni, nakuta kelele ndani kama kuna mwizi. Kaka yangu amesimama mbele ya televisheni, kitambaa bado kiko juu, amenyoosha mikono pande zote mbili. Watoto kumi na tano wanamtukana. Mmoja alikuwa amemrarua shati, mwingine amemuuma mkono. Na mchezo ulikuwa umeanza zamani, unasikika chini ya kitambaa, nahodha anapiga kelele na hakuna anayemwona. Aliponiona alikivuta kitambaa, akakaa sakafuni, akasema, "Haya." Jino moja lilikuwa linatoka damu.

Hiyo ndiyo ikawa sheria yetu. Kama mmoja hayuko, haiangaliwi. Nilipougua malaria naye hakuangalia. Alipopelekwa kwa nyanya likizo nzima, mimi nilitoka nje Jumamosi saa kumi na moja, nikakaa na wanawake wanaokaanga samaki, nikaziba masikio. Mimi! Mimi nisiyeweza kungoja chai ipoe.

Kisha mchezo ukakatika. Chombo kilikuwa kimenaswa kwenye sayari ya vumbi, na mtu ilibidi atoke nje akaikate minyororo. Nahodha akatoka. Vumbi likamfunika, chombo kikaruka, na yeye hakuonekana tena. Wiki iliyofuata tulikaa sakafuni sote, tukaletewa kipindi cha kilimo cha alizeti. Wiki ya pili, alizeti. Baba alisema huenda watu wa mchezo wamechoka. Kaka yangu alisema, "Yule mama yuko hai." Nikamwambia amekufa, vumbi kama lile halimwachi mtu. Akasema yuko hai.

Tulibishana hivyo miaka thelathini. Harusi yake, mbele ya pasta, ananiinamia sikioni: "Yuko hai." Siku tuliyomzika baba, tumekaa juu ya mkeka, macho yamevimba: "Nyamera, lakini yule mama." Nilimpiga kofi la bega, tukacheka mpaka mjomba akatukemea. Kama kuna watu wana dini ya pili, yetu ilikuwa ni hiyo.

Mwaka juzi figo zake zikaanza kukataa kazi. Alikuwa anakaa Mamboleo na mke wake na watoto, alikuwa na duka la vipuri, akaliacha. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, alilazwa kwenye mashine ikamsafisha damu, na alirudi amekauka kama omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa. Nilikuwa namletea uji na kumgombeza: kunywa, kaa vizuri, nani amekuambia utoke nje na baridi hii. Alinivumilia. Kila mtu alinivumilia.

Halafu ikaja habari kwamba mchezo unarudi. Wale wale, waliobaki, na wengine wapya. Kaka yangu aliiona kwenye simu na akanipigia nikiwa na pini mdomoni. "Wanarudi! Nyamera, watatuonyesha!" Nilizitema pini zote. Kwa miezi mitano aliyahesabu majuma. Daktari alimwuliza anaendeleaje, akamjibu kwamba ana shughuli, kwa hivyo wamtunze vizuri. Mke wake aliniambia kwamba siku za mashine, akianza kukata tamaa, anamtajia mchezo, naye anainuka. Sisi sote tulijua anachokitaka. Alitaka kujua kama yule mama yuko hai, na alitaka nikae karibu naye akijua.

Ukatoka Jumatano. Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Kama hujawahi kuwa fundi wa sare wiki ya kufungua shule, mshukuru Mungu wako: wazazi wamesimama mlangoni, watoto wamevuliwa, kila sketi ni ya leo. Simu ikalia. "Imetoka!" akasema. "Njoo jioni."

"Jioni ipi? Huoni nina kazi? Tutaangalia Jumapili."

"Jumapili ni mbali."

"Basi angalia peke yako," nikamwambia, "na usinijue tena."

Akacheka. "Sawa, mama. Jumapili."

Alhamisi akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilidhani ni mtandao. Akasema, "Dakika kumi tu, nyamera. Nione kama yuko, halafu nizime. Yote mengine tutaangalia pamoja." Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja anayelalamika kwamba kola imepinda, na kola haikupinda. Nikamjibu kaka yangu kwa hasira ya yule mama wa kola. Nilisema, "Umengoja miaka thelathini, utashindwa na siku tatu?"

Akasema, "Kweli."

Jumamosi asubuhi niliamka mapema. Sare zilikuwa zimeisha. Nilinunua bando la kutosha mchezo mzima, nikakanda unga wa chapati za kesho, nikatoa hata ile khanga nzuri ya kujifunika miguu, kwa sababu nyumba ya Mamboleo ina upepo. Mikono yangu ilikuwa bado na unga simu ilipolia. Ilikuwa namba ya mke wake, na hakuongea, alilia tu. Nikamwambia, "Nyamaza useme!" Ndivyo nilivyomwambia. Mwanamke amefiwa na mumewe, na mimi nampigia kelele aseme.

Tulimpeleka nyumbani, upande wa Sondu, kwenye boma la baba. Kwetu maiti haangaliwi kimya. Na dada wa marehemu hasa ana ruhusa yake: anaingia bomani akikimbia, anamwita ndugu yake kwa sifa zake, anamlaumu, anamgombeza kwa kuondoka, na hakuna wa kumwambia anyamaze. Watu walikuwa wananingoja mimi. Walijua mdomo wangu, walijua utatoa kitu.

Nikakitoa. Niliingia na mikono kichwani, uwi! uwi! nikalishika jeneza, nikamgombeza. "Nilikuambia uningoje! Siku tatu tu! Nani alikuwa anakufukuza? Wewe uliyesimama mbele ya watoto kumi na tano ukaumwa kwa ajili yangu, Jumapili moja imekushinda? Si tuliapa? Umeivunja sheria yetu, wewe mtu mbaya, umeondoka bila mimi!" Wanawake walilia na mimi, walianguka chini. Wazee walitikisa vichwa. Mpaka leo wananisifu, ati hapana dada aliyemlilia kaka kama mimi nilivyolia siku ile. Mke wake alikuwa amekaa upande wa kichwa cha jeneza, amefunga leso. Alikuwa ananitazama. Nilidhani ni uchungu tu.

Tukamzika. Siku ya tatu baada ya maziko, wageni walipopungua, nilikuwa jikoni asubuhi nasugua masufuria ya matanga. Yale masufuria makubwa ukiyasugua kwa nguvu mtu hakuulizi kitu, ndiyo maana niliyataka mimi. Mke wa kaka yangu akaja akasimama mlangoni. Ananiita waya, yaani shangazi, kama watoto wake wanavyoniita. Akasema, "Waya, kuna neno."

Nikasema, "Sema."

"Usinikasirikie."

"Sema, mama!"

Akashika fremu ya mlango. Akasema Ijumaa kaka yangu alirudi kutoka kwenye mashine akiwa amechoka kuliko siku zote. Alipojilaza alimwomba simu. Alimwambia, fungulia mwanzo tu, nione kama yule mama yuko hai, halafu uzime, usimwambie dada. Simu ilikuwa mkononi mwa mkewe, na bando lilikuwepo. "Mimi nilikataa," akasema. "Nilimwambia, ngoja Jumapili, waya akijua atatupigia kelele hapa, na wewe ni mgonjwa, sitaki kelele. Akaniomba mara ya pili. Nikaificha simu chini ya mto wa mtoto. Asubuhi ndiyo hiyo."

Sufuria lilikuwa magotini mwangu.

"Siku ile ulipokuwa unamgombeza mbele ya watu," akasema, "ati hakukungoja. Nilitaka kusimama niseme alikungoja. Nikaogopa."

Nikamwuliza, sijui kwa nini nilimwuliza, kama yeye ameuangalia mchezo.

"Jana. Nilifungua jana, peke yangu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Yuko hai, waya. Ndiye wa kwanza kuonekana. Hata ule muziki wa mwanzo haujaisha, yuko pale, amezeeka, anagonga chuma."

Kwa hivyo ilikuwa ni dakika moja. Hata zile kumi alizoniomba hazikuhitajika. Angejua Ijumaa, angenipigia simu anicheke, ningemtukana, angelala akiwa mshindi. Alikuwa amesema kweli miaka thelathini na hakuna aliyemwambia, na aliyemzuia ni mimi, kwa mdomo ambao haukuwa hata chumbani.

Nilitaka kumwambia mwanamke yule kwamba hakukosa. Nilitaka kumwambia kwamba yeye alifanya tu kile nilichomfundisha kila mtu kufanya. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu haukuwa na kitu. Nikasukuma kigoda upande wake kwa mguu, nikasema, "Njoo ukae hapa, nyamera."

Hakuja. Alibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, ananiangalia mikono, anangoja nianze.