Pua ya Shangazi Fuki

Tsuruko Hatakeda alikuwa Mjapani kwa baba na kwa mama, kwa bibi na kwa bibi yake bibi, ila pua yake haikuwa imepewa taarifa. Ilitoka usoni kwa ukakamavu, ikapanda, ikapiga kona, ikashuka taratibu kama mtu anayetafuta viatu vyake gizani. Iliingia chumbani kabla yake. Siku za mvua, hata chini ya mwavuli, ndiyo iliyolowa kwanza.

Kwao Akita, kaskazini kwenye theluji, hakuna aliyeishangaa. Wanawake wote wa ukoo wa mama yake walikuwa nayo, na wakijipanga kwenye msiba utadhani korongo wanaosubiri samaki. Taabu ilianza alipohamia Tokyo kutafuta kazi. Watoto wa mtaani wakawa wanamsalimia kwa Kiingereza. Muuza mboga akawa anamtajia bei kwa vidole. Siku moja polisi wa stesheni alimwomba kadi ya mgeni, na Tsuruko alipokasirika akarudi kwenye lafudhi ya kwao, ile ya kusema midomo imefungwa nusu ili baridi isiingie. Polisi hakuambulia neno. Akamwita mwenzake aliyewahi kusoma Kirusi. Yule mwenzake akasikiliza, akajikuna kichwa.

"Ni Kirusi kweli," akasema, "ila cha milimani huko."

Studio aliyofanyia kazi ilikuwa Nerima, mtaa mmoja wa Tokyo, ghorofa ya pili, juu ya fundi baiskeli, na kazi yake ilikuwa kusahihisha michoro ya filamu za katuni. Msichana mmoja wa katuni huchorwa na mikono mingi: huyu anamchora kidevu kirefu, yule anamchora shingo ya twiga, mwingine ameamka na mafua na msichana naye ametoka na mafua. Tsuruko alikuwa anakaa mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, anaweka karatasi juu ya karatasi, anamrudisha kila mmoja kwenye sura yake. Na sura yenyewe ilitaka nini? Macho kama visahani, mdomo kama mkwaruzo, na pua ya nukta. Hata nukta ni kusema sana. Ilikuwa kivuli cha nukta. Mchoraji akizidisha kidogo tu, Tsuruko anachukua raba, anafuta. Kwa hiyo mwanamke mwenye pua kubwa kuliko zote Nerima alikula wali wake kwa kufuta pua za wenzake.

Aliyebuni zile sura alikuwa Bwana Kubodera. Walianza kazi mwaka mmoja, wakazeeka meza kwa meza. Yeye pua yake ilikuwa bapa kabisa, miwani haikuwa na pa kushika, akawa siku nzima anaisukuma juu kwa kidole. Kila hadithi ilipotaka mgeni, awe jasusi wa Kirusi au padri wa Kireno au mpishi wa Kifaransa, Kubodera aligeuza kiti chake, akamtazama Tsuruko kwa ubavu, penseli mkononi.

"Kaa hivyo hivyo, Bi Hatakeda."

"Leo mimi wa wapi?"

"Mholanzi."

"Jana nilikuwa Mbrazili."

"Unasafiri sana wewe."

Nywele hazikuwa na neno. Za waridi, za kijani, za rangi ya samli, zote zilikuwa za Wajapani na hakuna aliyeuliza. Mwaka mmoja hadithi ilikuwa na mwanafunzi wa Kitaliano, kisha wenye fedha wakabadili mawazo wakataka awe binamu kutoka Nagoya. Kubodera hakugusa nywele za dhahabu, hakugusa macho ya kijani. Alifuta pua, akapuliza vumbi la raba.

"Haya, Mjapani huyo."

"Na nywele?" Tsuruko akauliza.

"Nywele ni nguo tu. Pua ndiyo pasipoti." Akasukuma miwani. "Sikiliza. Chora duara, weka vitone viwili. Huyo ni nani? Ni mtoto wa jirani. Asiye na alama ndiye sisi. Ukiongeza kitu, ni mgeni huyo, lazima umtandikie kitanda."

Tsuruko alishika pua yake, ile alama, akaendelea kufuta.

Sasa kule Akita alikuwepo mama yake, Bibi Kiyo, mwenye miaka zaidi ya themanini na pua iliyokuwa bado inakua. Jumapili asubuhi Bibi Kiyo hukaa kwenye meza fupi yenye hita chini yake, blanketi hadi kifuani, anatazama kila katuni ya studio ile, wala si kwa ajili ya hadithi. Anangoja majina ya watengenezaji yanayopita mwishoni. Kisha anapiga simu.

"We Tsuru, nimeliona jina lako. Limepita kama treni isiyosimama kituoni kwetu."

"Asante, mama."

"Wale watoto ulowachora ni wazuri. Wa wapi wale?"

"Wajapani, mama."

"Ah. Mbona hawapumui?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Miaka yote hii, mwanangu, hujanichorea mtu hata mmoja wa kwetu. Wote wa kwetu umewapeleka Urusi. Mkataa kwao mtumwa."

Lile neno lilimkaa Tsuruko kooni kama mwiba wa samaki. Basi ilipokuja hadithi ya nyumba ya wageni kwenye theluji, yenye Shangazi Fuki, mwanamke wa Akita anayekausha figili nyeupe kwa moshi darini, moyo wake ukaruka mbele ya akili. Akapiga simu yeye kwanza. Akasema: "Mama, safari hii utaiona pua ya kwetu kwenye televisheni."

Ndipo akaenda kumwomba Kubodera.

Kubodera hakumcheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimmiminia chai. "Dada yangu, nikimpa Shangazi Fuki pua yako, watazamaji watamngoja aeleze amefikaje. Watasema ni jasusi. Kila akiingia jikoni watangoja alipue jengo."

"Anakausha figili, Kubodera."

"Ndiyo watakavyosema: figili za nini zote hizo?"

Shangazi Fuki akapewa kivuli cha nukta kama wenzake, na kitambaa cha kichwa ili ajulikane kuwa ni wa shamba. Michoro ikaja mezani kwa Tsuruko. Katikati ya rundo akakuta mmoja ambao mchoraji, labda kwa kumwona Tsuruko kila siku akinywa chai, alikuwa amemchora shangazi na pua nzima, kona na yote. Tsuruko akaitazama sana. Halafu akachukua raba. Alipokuwa akifuta, pua yake mwenyewe ikamwasha.

Jioni simu ikalia.

"N'shamwalika mwenyekiti wa kijiji," akasema Bibi Kiyo, "na Hisae wa duka la sake. Yule Hisae aliyesema unachora Warusi tu. Aje aone."

"Mama, kuhusu ile pua..."

"Ndiyo, hiyo hiyo pua! N'shawaambia. Na wewe uje, utakaa karibu yangu. Nitapika wali wa njugu za chestnati." Akakata, maana simu huishia pale Bibi Kiyo anaposema imeisha.

Siku ya kurekodi sauti Tsuruko alichukuliwa pia, kwa sababu Bi Otowa, mwigizaji aliyempa Shangazi Fuki sauti, alitaka mtu wa Akita wa kumrekebisha lafudhi. Bi Otowa alikuwa mama mfupi aliyeishi maisha yake yote kwa kuwa sauti ya kindi, ya mabibi na mara moja ya birika. Yeye hakuweza kusema neno bila kuamini anachokiona. Taa ikawaka, picha ikaanza. Shangazi Fuki akachukua figili kutoka darini, akaisogeza usoni ainuse, aseme: "Bado. Moshi haujakolea."

Figili ikasogea. Uso haukuwa na chochote pale katikati, na ulikuwa umegeuka kidogo, basi figili ikapita, ikasimama kwenye shavu karibu na sikio.

"Halo?" akasema Bi Otowa.

Picha ikasimamishwa.

"Samahani," akasema. "Huyu mama si anapokea simu?"

"Anainusa," akasema Kubodera.

"Kwa kutumia nini?"

Fundi wa sauti akazama chini ya meza yake kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Wakarudia. Bi Otowa akajikaza, akafumba macho, akasema, "Bado. Moshi haujakolea," lakini kwa sauti ya mtu anayeijibu figili swali lake. Wakarudia tena. Safari hii alipomaliza alisubiri kidogo, kwa adabu, figili nayo iseme.

Kubodera akachora pale pale, jasho linamtoka. Akaishusha figili, shangazi akawa anaila mbichi kama sungura. Akaongeza mawimbi ya harufu. Figili ikawa inaungua. Akaongeza mshale.

"Mshale wa nini?" akauliza Bi Otowa.

"Wa kuonyesha harufu inapoingia."

"Inaingia wapi, baba yangu? Hakuna mlango!"

Miwani ya Kubodera ikateleza mpaka kwenye mdomo, naye hakuisukuma. Akaketi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mpeni pua. Kwa kunusa tu. Akimaliza, irudi ilikotoka." Kisha, kwa mazoea ya miaka yote ile, akageuza kiti, akachukua penseli.

"Kaa hivyo hivyo, Bi Hatakeda."

Tsuruko akakaa kwa ubavu, mgongo wima. "Leo mimi wa wapi?"

Kubodera akaitazama karatasi.

"Wa Akita," akasema.

Na Tsuruko, ambaye kazi yake ilikuwa kufuta, aliisahihisha pua ile kwa mkono wake mwenyewe, ila safari hii alikuwa akiongeza.

Jumapili yenyewe chumba cha Bibi Kiyo kilijaa. Miguu yote ilikuwa chini ya blanketi moja, hujui goti hili la nani. Mwenyekiti alivaa tai. Hisae alileta chupa ya sake, pombe ya mchele, na uso wa mtu aliyekuja kushuhudia ajali. Bibi Kiyo alikuwa ameipangusa televisheni.

Shangazi Fuki akatokea mlangoni na theluji mabegani. Kivuli cha nukta.

Tsuruko akaanza kuingia chini ya blanketi taratibu.

"Kiyo," akasema Hisae, "ndiyo hiyo pua? Au ni uchafu kwenye kioo?"

"Ngoja."

"Nangoja. Nimeleta hata miwani."

"Si ametoka nje kwenye baridi? Pua ya mtu hujificha. Yako wewe imejificha tangu uzaliwe."

Mwenyekiti akaguna. Shangazi akaingia darini. Akachukua figili. Akaisogeza usoni, na hapo, polepole, kama uyoga baada ya mvua, pua ikachomoza. Ikapanda, ikapiga kona, ikashuka. Ikajaza televisheni kutoka ukingo hadi ukingo. Tundu zikafunguka. Ikanusa.

"Bado," akasema Shangazi Fuki. "Moshi haujakolea."

"HIYO!" Bibi Kiyo alipiga meza, vikombe vikaruka. "Hiyo ni yangu! Hiyo ni ya mama yangu! Hisae, vaa miwani yako!"

Hisae alikuwa ameshaivaa. Kinywa chake kilikuwa wazi.

Halafu pua ikarudi ndani, ikaisha, ikabaki nukta.

"Imekwenda wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Imemaliza kazi, imepumzika," akasema Bibi Kiyo. Akamgeukia binti yake, akamshika ile pua kwa vidole viwili kama alivyomshika utotoni. "Umeichora ndogo. Lakini ni ya kwetu."

Tsuruko akataka kujibu, ila huwezi kusema vizuri umeshikwa pua. Na simu ikalia. Alikuwa Kubodera.

"Bi Hatakeda, watazamaji wamechachamaa. Wanauliza yule mama mgeni aliyetokea ghafla kunusa figili ni nani, na Shangazi Fuki alikuwa wapi wakati huo. Nilikwambia! Wengine wanadai ni mapacha."

Alikuwa anapiga kelele, chumba kizima kikasikia. Bibi Kiyo akanyoosha mkono, akapewa simu.

"We baba," akasema. "Mimi ndiye mama yake Tsuruko. Hivi kwenu mgeni akija anapanda darini kunusa figili za watu?"

"La, mama, lakini..."

"Mgeni hukaa akaletewa. Anayenusa ni mwenye nyumba. Kwaheri." Akakata. "Hisae, mimina."

Katika vipindi vilivyobaki Shangazi Fuki aliamka na pua yake na kulala nayo, na hakulipua kitu. Hisae alianza kuwaambia wateja kwamba kwa upande wa shangazi zake, wao na akina Kiyo ni ndugu.

Tsuruko alirudi Nerima kwenye meza ya taa na rundo la wasichana wa nukta. Baada ya muda ikaja hadithi yenye nahodha wa Kidenmaki. Kubodera akageuza kiti, akainua penseli, akakutana na ule ubavu, mkono ukasita hewani.

"Nikae hivyo hivyo?" Tsuruko akauliza bila kuinua kichwa.

Kubodera akavuta droo, akatoa kioo kidogo, akajitazama mwenyewe kwa muda. Ndiyo maana nahodha yule, mbuji wa bahari zote, kila akitoa amri husukuma miwani juu kwa kidole.